Mama Kliniki, Mfunua Masufuria

Alikuwa akipiga hodi huku mfuniko wa sufuria yako tayari uko mkononi mwake. Namwanzia hapo kwa sababu na yeye alinianzia hapo. Nilikuwa nimehamia juzi tu kwenye nyumba ile ya nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, vyumba vingi na ua mmoja wa kupikia, hata bomba linafunguliwa saa ngapi sijajua. Nimeinama napepea mkaa, nikasikia sauti mgongoni: "Hodi. Haya maharage uliyaloweka?" Nikageuka. Mama mtu mzima, miwani imefungwa uzi, anachungulia sufuria yangu kana kwamba pete yake imedondokea humo.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Nimeuliza maharage."

"Sikuyaloweka, mama."

"Basi unapika mawe." Akafunika, akaenda kwa jirani. Huko nako nikasikia mfuniko unalia.

Mtaa mzima ulimwita Mama Kliniki. Jina lake la kwao nililisikia mara moja tu, msibani, nikadhani wanamtaja mtu mwingine. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto miaka na miaka, akastaafu, ila neno lenyewe kustaafu alilielewa vibaya: alichorudisha ni sare tu. Kazi aliendelea nayo uani kwetu, bila mshahara, bila kuombwa na bila kuruhusiwa. Alizaliwa wapi, kabila gani, aliolewa na nani, msiniulize. Kariakoo watu hatuulizani hayo, tunaulizana bei.

Sasa, mwenzangu, kufunua sufuria ya mtu ni ufedhuli. Kuna watu wamekula ugali na chumvi mwezi mzima na jirani hajui, kwa heshima ya mfuniko. Mama Kliniki adabu hiyo aliijua kuliko sisi sote, akaivunja makusudi. Tukabuni ujanja. Unapika mchicha wako mtupu, halafu unapanga dagaa wawili watatu juu juu, akifunua awaone, aridhike, apite. Tulifaulu kama wiki moja hivi. Kisha akaanza kuja na kijiko.

Mwenye nyumba wetu, bwana mmoja wa Kiarabu mwenye duka la mapazia pale mbele, alimwambia siku moja, "Bibie, wewe hata jeneza utalifunua uone marehemu alikula nini."

"Wengine ningewafunulia mapema wasingefika humo," akajibu, wala hakucheka.

Kuhusu maharage alikuwa na hotuba yake. Maharage yana madini ya zinki, alisema, na mtoto haongezeki kimo bila zinki, lakini maharage ni mabahili, hayaiachii hivi hivi. Yaloweke usiku kucha, umwage yale maji, upike kwa maji mengine, ndipo yanalegea mkono. Wanawake wakamwuliza, na dagaa je? Dagaa hawana choyo, akasema, wala mayai, wala maini. Ukikosa vyote tafuta mbegu za maboga, mnazozitupa jalalani kama watu wenye akili zao.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa tumbo, na si la mtoto, la mama. "Mnasema samaki mkunje angali mbichi," alikuwa akituambia. "Huyu mkunjeni kabla hajavuliwa." Maana yake, mtoto haanzi kudumaa siku anapokataa uji. Anaanza akiwa bado ndani, mama akila visivyo na kitu, au akila vyenye kitu lakini utumbo haushiki. Ukimwuliza kwa nini utumbo usishike, umekwisha. Anakuburuta hadi mlangoni kwa mwenye nyumba, kwenye lile zulia kuukuu la wateja kufutia miguu. "Unaona hapa pembeni lina manyoya? Ndivyo utumbo ulivyo kwa ndani, una vinyweleo, ndivyo vinavyonyonya chakula. Sasa ona hapa katikati. Ukinywa maji machafu, ukaharisha, ukapona, ukaharisha tena, unakuwa hivi. Hapo hata ukila ng'ombe mzima anapita tu, salamu hakupi." Mwenye nyumba anapiga kelele toka ndani kwamba zulia lake si utumbo wa mtu. Wateja wanaliruka wasilikanyage.

Msidhani alikuwa malaika. Alikataza chai ya rangi pamoja na chakula, eti inazuia madini yasiingie mwilini, na yeye mwenyewe bila chai ya rangi na chapati asubuhi hamsemeshi mtu. Ukimsuta anasema, "Mimi uzazi nimeshafunga, nani nitamdumaza?" Aliwasifu dagaa kuliko kitoweo chochote, lakini harufu yao hakuiweza: akiwakaanga anajifunga khanga puani na kusimama mbali, mkono kaunyoosha, kama mtu anayemlisha mbwa asiyemjua. Alihimiza watu wote wanawe mikono kwa sabuni, halafu unamkuta kona ya Msimbazi anatafuna hindi la kuchoma, limetoka jivuni, limepita mikono ya nani na nani. Na siku timu ya Jangwani inacheza, usimletee mtoto anayetapika. Subiri mpira uishe.

Na ulimi wake, jamani! Kubembeleza hakukujua. Mtu anaweza kusema kweli na bado akakutafutia mto wa kuangukia. Yeye alikuangusha kwenye sakafu kavu.

Mwanangu wa kwanza, Mwanaidi, alikuwa anakaribia miaka miwili tulipohamia. Mtoto mchangamfu, anaongea mpaka usingizini, kila mtu uani kampenda. Mama Kliniki akatufuatilia siku ya kliniki. Wale manesi vijana walikuwa wanamwogopa, wakampisha. Akamlaza Mwanaidi kwenye ubao, akamnyoosha magoti, akampima. Akampima tena. Halafu mbele ya foleni nzima ya kina mama, kwa sauti ile ile ya kuulizia maharage, akasema, "Huyu amedumaa."

Nilimnyakua mwanangu. "Mwanangu hajadumaa! Ana umbo dogo tu. Ukoo wa baba yake wote ndivyo walivyo."

"Ukoo haukunywa maji ya mafuriko," akasema. "Wewe ulikunywa."

Ni mimi mwenyewe niliyekuwa nimemsimulia. Kabla ya kuja huku tulipanga kule bondeni, Jangwani, na mimba ya Mwanaidi ilinikuta huko. Mvua zikaja, maji yakaingia ndani mpaka usawa wa kitanda, vyoo vikafumuka, na tulichokunywa baada ya hapo Mungu anajua. Msimu mzima tumbo langu liliendesha. Nilikuwa nakula, nakula hasa, na nguo zinanipwaya. Nilimsimulia kama mtu anavyosimulia shida zake, sikujua anaziweka kichwani.

Nikamnunia. Salamu nilimpa, maana ni mkubwa wangu, lakini zaidi ya hapo hakuna. Nikawa naweka tofali juu ya mfuniko wa sufuria. Akipita analitazama lile tofali, analizunguka, anakwenda zake. Baba Mwanaidi, mume wangu, fundi simu, mtu wa masihara, akaniuliza kama siku hizi tunapika nyumba.

Nilipojua nina mimba ya pili, niliondoa tofali mwenyewe. Nikamfuata chumbani kwake. Alikuwa anashona kifungo. Sikuwa na utani siku hiyo, nilikuwa naogopa.

"Mama," nikasema, "na huyu naye atakuwa vile?"

Akaweka sindano chini. "Huyu bado hajachelewa. Ila usinifiche kitu."

Kuanzia hapo nilipoteza uhuru wangu. Maji ya kunywa yachemke, na yachemke kweli, si kutishwa na moto. Vidonge vya damu na vya minyoo, vile wanavyotoa kliniki, nimeze mbele yake. Mikono niioshe mpaka vidole vinakunjamana. Na maharage akamkabidhi Baba Mwanaidi: "Wewe kila usiku unafunga mlango, unazima taa, unaloweka. Usipoloweka usilale." Habari zikafika kibandani kwake, mafundi wenzake wakampa jina, Mzee Loweka, na hadi leo kuna wateja wanaomtafuta kwa jina hilo. Hakujali. "Mama kasema," alikuwa akiwajibu, anaendelea kukaza vioo vya simu za watu. Nilimpenda upya kwa ajili ya maharage yale.

Kimoja tu nilimficha: udongo.

Nani asiyeujua? Vile vijiti vya udongo uliochomwa, vinauzwa kwenye sinia karibu na soko, na wenye mimba tunavizunguka kama nyuki. Ukishika mimba unasikia harufu ya vumbi lililoguswa na mvua, mate yanakujaa, na hakuna chakula duniani kitakachokutosha mpaka ule ardhi. Nilikuwa nakula asubuhi, nakula nikiwa nauza madera yangu pale barazani, nakula nikiongea na wateja. Mama Kliniki akanikamata kwa ncha za vidole.

"Hiyo rangi ni ya nini? Fungua mdomo."

Nikafungua, mtu mzima na mimba yangu.

"Umechomwa huo, mama," nikajitetea, "hauna vidudu."

"Hata tofali limechomwa, na mbona sikukuona ukililamba?" Kisha akanieleza, kwa hasira ya kweli: udongo ukiingia tumboni unaikumbatia zinki, wanatoka wote wawili, na ukiwa mchafu ndiyo umeyalipia nauli mayai ya minyoo. "Baba Mwanaidi wa watu anakesha analoweka, na wewe unafukia!"

Hakuishia kwangu. Alikwenda kwa muuza udongo mwenyewe, mama mmoja mnene wa sauti ya spika, ambaye sinia lake lilikuwa maarufu kuliko maduka ya vioo. Wakabishana pale hadharani. Muuza udongo akasema yeye anauza tu, hajamlisha mtu kwa nguvu. Mama Kliniki akatulia, akafikiri, akabadilisha njia. Kesho yake akaenda na mfuko wa mbegu za maboga, alizozikaanga mwenyewe kwa chumvi na ndimu. "Shoga," akamwambia, "wanachotaka hawa ni kutafuna. Wape cha kutafuna. Hizi zina zinki, mtoto anapata kimo." Muuza udongo akaonja, akaonja tena, akakubali. Alikubali upesi mno. Hapo ndipo mtu mwingine yeyote wa Kariakoo angeshtuka, lakini Mama Kliniki kila kitu alikijua isipokuwa biashara.

Baada ya siku chache napita sokoni, nasikia ile spika: "Udongo wa Mama Kliniki huooo! Umethibitishwa! Una mbegu, una zinki, mtoto anarefuka kama nguzo!" Nasogea. Kwenye sinia kuna vipakiti vipya, vya karatasi, na ndani yake vijiti vya udongo na mbegu za maboga vimelala pamoja kama mtu na mkewe. Wanawake wamejaa. Wengine wametoka Temeke, wamesikia kuna udongo wa kliniki. Kwa nini niseme uongo? Nilinunua. Ulikuwa mtamu ajabu.

Habari zilipomfikia Mama Kliniki alitoka na kandambili mbili zisizofanana. Sisi uani tukaacha masufuria, tukamfuata, tunajua leo kuna ngumi. Wala. Alichukua kreti tupu la soda, akaligeuza, akaketi pembeni ya sinia, khanga kaitandaza magotini, mtulivu. Akaja mteja wa kwanza, binti mdogo mdogo, tumbo limeanza kuonekana.

"Karibu, mwanangu. Mimi ndiye Mama Kliniki mwenyewe. Mimba ya miezi mingapi?"

"Mitano, shikamoo."

"Marahaba. Unaharisha?"

Binti akatazama huku na huku. Wabeba mizigo wanapita, wauza soksi wamesimama, mtaa umejaa.

"Nasema unaharisha? Choo chenu kikoje, cha kuvuta au cha shimo? Mnachangia na watu wangapi? Na kikishajaa mnafanyaje?"

Binti akasahau udongo, akasahau na chenji. Akaja wa pili, akaulizwa hivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo. Wauza soksi wakawa wanawajibia. Wateja wakaanza kuona toka mbali, wanakata kona. Muuza udongo akavumilia, akavumilia, mwisho akapiga goti kabisa. "Shoga, nihurumie, nina watoto mimi. Ondoka, nitauza mbegu tupu."

"Apa."

"Wallahi tena!"

Mama Kliniki akamshukuru vizuri. Kisha akabaki pale pale kwenye kreti mpaka soko likafungwa, kwa usalama zaidi. Udongo haukwisha Kariakoo, nani amewahi kuumaliza? Ulihamia chini ya kitambaa, unauzwa kwa kukonyezana. Naye kila alasiri alipita, akafunua kitambaa, akatikisa kichwa, akanunua mbegu za shilingi mia tano, akaenda zake. Wakaja kuwa marafiki wa kweli wale wawili, wa kuzikana. Mimi niliacha udongo. Sikuacha kwa ushujaa. Nilichoka kuulizwa choo.

Nikajifungua Rehema. Alikuja na kilo zake, akanyonya, akakua. Uani wakasema ni mbegu za maboga, na hakuna kilichomuudhi Mama Kliniki kama kauli hiyo. "Lishe si hirizi!" alifoka. Akawahesabia kwa vidole: wamehama bondeni, maji wanachemsha, tumbo la mama limetulia, dawa za minyoo amemeza, mayai amekula, na mume kaloweka. Ukitoa kimoja, usinitaje mimi. Siku Rehema alipoharisha kidogo alituletea mwenyewe vidonge vya zinki na maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na akasimama mlangoni mpaka mtoto akamaliza kikombe.

Nilifurahi mno, na furaha yangu ilikuwa na mwiba ndani. Rehema alimfikia dada yake. Kisha akampita. Mimi nauza nguo, macho yangu ndiyo futi kamba yangu, nililiona kabla mtu hajasema. Kwenye nyumba za watu mdogo hurithi nguo za mkubwa. Kwetu Mwanaidi ndiye anayerithi za Rehema. Gauni likimbana mdogo, ninalifua, ninalipiga pasi, ninampa dada mtu. Wateja wananiuliza, "Huyu ndiye mkubwa?" wakimgusa Rehema kichwani. Mwanzoni Mwanaidi alikuwa anacheka, anasema, "Hapana, mkubwa mimi!" Siku hizi anaingia ndani. Ananiumiza moyo, sijui nimwambie nini.

Mama Kliniki sasa hakai tena Kariakoo. Mguu ulimshinda, mpwa wake akamchukua kwake Upanga, ghorofani, karibu na hospitali. Mwezi uliopita niliwachukua wanangu tukaenda kumwona. Tulimkuta kitini, mguu juu ya stuli, kakonda, miwani mipya. Mpwa mtu akaninong'oneza kwamba jiko liko mbali na kile kiti, na hiyo ndiyo amani ya nyumba. Tukaandaliwa chakula, wali na samaki wa kukaanga. Rehema akala haraka akakimbilia barazani kutazama bajaji. Mwanaidi akabaki, anachezea chakula.

"Shikamoo, Bibi," akasema, ingawa alishaamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Sema."

"Kwa nini Rehema ni mrefu kuliko mimi?"

Nilitaka kumziba mdomo. Si kwa swali lake, kwa jibu. Niliujua ulimi ule.

Mama Kliniki akavua miwani. "Kwa sababu ulipokuwa tumboni, mafuriko yaliingia nyumbani kwenu. Maji yakachafuka, mama yako akaugua tumbo muda mrefu. Alikuwa anakula, lakini chakula hakikukufikia chote. Hakujua. Na hata angejua, angekwenda wapi? Mvua haikumwuliza."

"Nitamfikia?"

"Utarefuka. Kumfikia yeye, sidhani."

Hakumtafutia mto. Mwanaidi akainamisha kichwa, machozi yakadondokea kwenye wali. Mimi nililia kuliko yeye. Miaka yote ile nilikuwa nangoja mtu aseme kwamba sikujua, aseme mbele ya mwanangu, na sikuthubutu kumwomba mtu anisemee. Mama Kliniki alituacha tulie. Kisha akainama kwa shida, akasukuma sahani ya samaki mpaka mbele ya Mwanaidi.

"Sasa nisikilize vizuri. Mtoto wako wewe hatachelewa. Tunamwanzia leo."

Mwanaidi akainua uso, kamasi na yote. "Bibi! Mimi nina miaka tisa!"

"Nani kakwambia uolewe? Nimekwambia ule."

Mwanaidi akaangua kicheko, machozi bado yako mashavuni. Akavuta sahani, akachagua samaki mkubwa kuliko wote, akala mpaka kichwa.